Fidia ya 2008: Orodha iliyoisahau Mosocho

KATIKA majuma ya kwanza ya mwaka 2008, kamera za televisheni zilipokuwa zimeelekezwa kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru na ule wa Eldoret, maelfu ya Abagusii waliofurushwa Kericho, Sotik, Bomet, Kisumu na Uasin Gishu walikuwa wakirejea kwa jamaa zao pasipo kuandikwa popote.

Walishuka na magodoro, masufuria na watoto katika vijiji vya Kisii na Nyamira. Huko Mosocho, nje kidogo ya mji wa Kisii kwenye upande wa barabara iendayo Oyugis, na kwingineko Kitutu Chache, mkimbizi hakupewa hema. Alipewa chumba katika nyumba ya ndugu yake, au kipande cha shamba la baba ambacho tayari kilikuwa kimegawanywa kwa wana wengine.

Ukarimu huo ndio uliowaponza. Serikali ilipoanza kugawa fedha za kuwarejesha watu makwao, iliwatafuta walioonekana, na walioonekana ni wale waliolala chini ya turubai. Aliyepokewa na shangazi yake akawa, machoni pa dola, mtu ambaye hakupoteza chochote.

Takwimu zilizotolewa na Wizara ya Miradi Maalumu zilionyesha kuwa watu 663,921 walihamishwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Kati yao, 350,000 walikuwa katika kambi 118, na 313,921 walikuwa wamechanganyika na jamii. Ni kusema kwamba karibu nusu ya waathiriwa walikuwa mfano wa hao wa Mosocho. Lakini mpango uliozinduliwa Mei 2008 kwa jina la Operesheni Rudi Nyumbani, pamoja na Sh10,000 za kuanzia maisha na Sh25,000 kwa aliyeteketezewa nyumba, ulijengwa juu ya mfumo wa kambi.

Mzozo uliozaliwa hapo umekuwa mrefu kuliko vita vyenyewe. Ghasia zilidumu takriban miezi miwili, zikaua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki, na zikakoma Februari 28, 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba wa kugawana mamlaka mbele ya Kofi Annan. Suala la nani alipwe halikukoma siku hiyo.

Wala si suala geni katika ardhi hii. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo wengi waliizoea kwa jina la TJRC, iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 21, 2013, iliwaweka katika jalada moja wakimbizi wa 2008 na maskwota wa Pwani, ambao miongoni mwao wamo wajukuu na vitukuu vya watumwa. Wengi waliona huko ni kuchanganya mambo. Waama, Tume ilikuwa imeona kitu ambacho wanasiasa hawakutaka kukiona: kwamba madhila ya makundi hayo mawili yana shina moja, nalo ni namna serikali inavyoandika orodha ya wanaodai.

Historia ya kukomeshwa kwa utumwa ni historia ya orodha za aina hiyo. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kuwaachilia watumwa wa makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20. Fedha hizo hazikuenda kwa watumwa. Zilikwenda kwa mabwana, kwa sababu mabwana ndio waliokuwa na daftari zinazoonyesha idadi ya watu waliowamiliki, umri wao na thamani yao sokoni. Deni lililokopwa kugharimia fidia hiyo halikumalizwa kulipwa na walipa kodi wa Uingereza hadi mwaka 2015.

Mfumo huo ndio uliovuka bahari ukatua Mombasa.

Uingereza ilipolitwaa eneo la Afrika Mashariki kuwa himaya yake mwaka 1895, ilikuta biashara ya kuuza watumwa nje imekwisha kupigwa marufuku na Sultan Barghash tangu 1873, lakini utumwa wenyewe ungali hai mashambani Malindi, Takaungu na Mombasa. Mara moja ukazuka mvutano wa kisiasa. Wamishonari wa Kianglikana wa Rabai na Frere Town, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwapokea watoro, walitaka utumwa ufutwe bila kuchelewa, na walikuwa na wasemaji wao katika Bunge la London. Kamishna wa kwanza wa himaya hiyo, Arthur Hardinge, aliwapinga.

Hoja ya Hardinge haikuwa kwamba utumwa ni mwema. Alisema kwamba serikali changa isiyo na askari wa kutosha haiwezi kuwaudhi watu ambao inawategemea kutawala. Alikuwa na sababu ya kuhofu. Kati ya 1895 na 1896 Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa ameongoza uasi uliowasumbua Waingereza hadi alipokimbilia upande wa Wajerumani. Kwa Hardinge, uhuru wa mtumwa ulikuwa bei ambayo ingelipwa kwa vita vingine.

Huu ndio uamuzi ambao kila serikali inayotoka vitani hukabiliwa nao: imtulize mwenye nguvu za kuvuruga, au imtendee haki aliyedhulumiwa. Aghalabu huanza na mwenye nguvu.

Awali, mwaka 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kiingereza alikuwa amekwisha kuonyesha njia. Mabwana wa Mombasa walipotishia kuivamia Rabai kuwachukua watoro wao, Mackenzie aliwalipa, na zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Amani ikapatikana. Walioshika fedha ni wale waliotishia kupigana. Watoro walishika karatasi.

Unguja na Pemba, amri ya Sultan Hamoud bin Mohammed ya Aprili 6, 1897 iliondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria, lakini ikamtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba uhuru wake. Bwana aliyethibitisha hasara alilipwa. Mtumwa aliyeachiliwa alitakiwa aonyeshe mahali atakapoishi na kazi itakayomlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje kabisa, kwa kisingizio kwamba wao ni kama wake, na iliwabidi wangoje hadi 1909. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa sheria iliyoandikwa kwa mkono wa mtu anayemtazama anayelipwa, huku amempa kisogo anayeachiliwa.

Katika ukanda wa pwani ya Kenya, hatua kama hiyo ilisubiri hadi 1907. Mabwana walipanga foleni kudai rupia zao. Mwaka uliofuata ikatoka sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila anayedai shamba alete ushahidi mbele ya msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa mali ya Taji la Uingereza.

Hapo ndipo mtego ulipofyatuka. Aliyekuwa bwana alikuwa na hati, mashahidi na lugha ya mahakama. Aliyekuwa mtumwa, na hata Mmijikenda aliyelima mahali hapo kabla ya yeyote kati yao, hakuwa na karatasi. Alibaki shambani kwa ridhaa ya mwenye hati, akapanda mihogo pasipo kuruhusiwa kupanda mnazi, maana mnazi ni mti wa kudumu na mti wa kudumu ni dai la ardhi. Neno skwota linalotawala siasa za Kilifi na Kwale hadi leo lilitungiwa mazingira hayo.

Marekani ilipitia njia nyingine na kufika karibu na hapo hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokuwa vikiendelea, Aprili 1862, serikali ya Abraham Lincoln iliwaachilia watumwa wa mji mkuu wa Washington na kuwalipa mabwana walioitii hadi dola 300 kwa kila mtu. Baada ya ushindi, msimamo ulibadilika. Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa 1868, yalipiga marufuku mtu yeyote kulipwa fidia kwa kupoteza mtumwa. Kwa kipimo cha Mombasa ya 1907, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini mtumwa mwenyewe je? Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu walioachiliwa ardhi ya pwani ya Carolina Kusini, Georgia na Florida, kila familia isizidi ekari 40. Wengine walikuwa wamekwisha kupanda. Lincoln aliuawa Aprili mwaka huo, na kabla mwaka haujaisha mrithi wake, Andrew Johnson, aliwasamehe mabwana wa Kusini na kuamuru ardhi irudishwe kwao. Walioachiliwa wakalima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na deni dukani likawafunga kuliko minyororo. Majeshi ya serikali kuu yaliposhushwa mabegani mwa Kusini mwaka 1877, haki ya kupiga kura nayo ikaanza kunyakuliwa.

Johnson, kama Hardinge, alisema anajenga taifa upya. Alikuwa akilijenga pamoja na wale waliokuwa na uwezo wa kulibomoa tena.

Mtu aweza kuuliza haya yanahusu nini vilima vya Gusii, ambako hakukuwa na soko la watumwa wala mashamba ya karafuu. Jibu lipo katika miaka iliyofuata 1907, mwaka ambao Waingereza waliweka kituo chao Kisii.

Wakitutu, ambao Mosocho imo katika nchi yao, waliupinga utawala huo tangu msafara wa kijeshi wa 1905. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, Geoffry Northcote. Kisasi kilikuwa kikali kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, aliandika kutoka London akihoji haja ya kuua watu wasio na ulinzi kwa kiwango hicho. Northcote alipona na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na wajukuu wa Kitutu wamekuwa wakidai mabaki yake yarejeshwe.

Baada ya mkuki kulifuata kodi ya nyumba, na kodi ilidai fedha ambazo hazikupatikana ila kwa kuajiriwa. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka machifu wawahimize vijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya masetla. Kila chifu alijua maana ya kuhimizwa. Viongozi wa makanisa walipinga, na mjini London wakosoaji wakasema wazi kwamba huo ni utumwa uliobadilishwa jina. Kelele zilikuwa nyingi hata mwaka 1921 Churchill, safari hii akiwa waziri kamili wa makoloni, akawazuia maofisa kuwatafutia waajiri binafsi vibarua. Kipande shingoni kilibaki.

Kampuni kubwa za majani chai zilipoingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, njia ya kutoka Gusii kwenda kuchuma chai ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Vizazi vitatu vimeipita. Walioipita si watumwa, na itakuwa ni kuwakosea heshima waliouzwa Zanzibar kusema hivyo. Walikuwa wafanyakazi waliolipwa mshahara na kukaa katika nyumba za kampuni, mbali na mashamba ya baba zao, kati ya jirani waliowaona kuwa wageni waliokuja kukalia ardhi iliyoporwa.

Na ardhi hiyo ilikuwa imeporwa kweli. Wakipsigis waliondolewa kupisha chai, na ukoo wa Talai ulihamishwa wote kwa sheria ya mwaka 1934 ukapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mnamo 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kwamba madai ya zaidi ya Wakipsigis na Watalai 115,000 hayajashughulikiwa, na mwaka 2022 walalamishi walifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nao wana orodha yao, nayo haijasomwa.

Kwa hiyo ghasia zilipozuka baada ya matokeo ya urais kutangazwa Desemba 30, 2007, mchuma chai kutoka Kisii alishambuliwa na mtu ambaye naye alikuwa akidai. Hilo halimpunguzii mshambuliaji hatia. Linaeleza kwa nini mkuki uliangukia nyumba ya kibarua badala ya ofisi ya mwenye kampuni, aliyekuwa mbali.

Upande wa Borabu hadithi ilifanana. Huko, mashamba ya masetla yaligawiwa familia za Abagusii katika mpango wa makazi baada ya uhuru, na Wakipsigis wa Sotik hawakuacha kuamini kwamba sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa yao. Mpaka uliwaka moto 1992, wakati wa mapambano ya kikabila yaliyoandamana na kurejea kwa vyama vingi. Ukawaka tena mwaka 2008, hasa baada ya mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, kuuawa kwa risasi na polisi mjini Eldoret Januari 31. Soko la Chebilat, lililo mpakani, lilichomwa. Makumi ya nyumba katika mabonde yanayolizunguka yalibaki majivu.

Waliokimbia Borabu angalau walikuwa wakikimbia kutoka kwenye shamba lenye namba. Mchuma chai hakuwa na namba ya shamba. Nyumba haikuwa yake, vitu vilivyoporwa havikuwa na risiti, na siku aliyotoroka hakuna aliyemwandikia barua ya kuacha kazi. Alipofika Mosocho alikuwa mtu asiye na ushahidi wa maisha yake ya miaka 20 iliyotangulia.

Kundi moja lilijaribu. Wafanyakazi na wakazi 218 wa shamba la chai la Kericho lililokuwa mali ya Unilever waliishtaki kampuni hiyo na tanzu yake ya Kenya mjini London, wakidai kwamba haikuwalinda dhidi ya mashambulizi ambayo ilipaswa kuyatarajia. Katika madai yao walitaja mauaji na ubakaji. Kampuni ilikana kuwajibika. Mahakama Kuu ya huko ilitupilia mbali kesi Februari 2017, na Mahakama ya Rufaa ikashikilia Julai 2018 kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwa wafanyakazi wa tanzu yake katika jambo hilo. Kesi haikufika mahali pa kusikiza ushahidi wa kila mmoja. Iliishia mlangoni.

Nyumbani mlango ulifunguka nusu. Desemba 10, 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba serikali ilishindwa kuchunguza ukatili wa kingono wa 2007 na 2008, ikaamuru waathiriwa wanne kati ya wanane waliofungua kesi walipwe Sh4 milioni kila mmoja. Kesi hiyo ilikuwa imewasilishwa 2013. Kwa kasi hiyo, mwathiriwa wa Kitutu aliyekuwa na umri wa miaka 50 siku alipokimbia asitegemee mahakama.

Kwa upande wa siasa, ahadi hazikukosekana. Sheria ya kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani ilipitishwa 2012, nayo haibagui aliye kambini na aliye kwa jamaa. Machi 26, 2015 Rais Kenyatta aliomba radhi akiwa Bungeni, kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia, akaagiza Hazina Kuu itenge Sh10 bilioni kwa miaka mitatu kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kanuni za kuziendesha fedha hizo ziliandikwa, hazikupitishwa. Ripoti ya TJRC, iliyopaswa kuwa msingi wa malipo hayo, ilikwama Bungeni. Sehemu yake iliyohusu ardhi ilikuwa imeingia doa tangu mwanzo, pale makamishna watatu wa kigeni walipokataa kuiunga mkono wakisema aya zilizogusa ardhi ya Pwani zilibadilishwa kwa shinikizo.

Kilichofika Gusii kilifika kwa njia ya kampeni. Malipo kwa wakimbizi waliochanganyika na jamii, wakiwemo wa Kisii na Nyamira, yalipata nguvu uchaguzi wa Agosti 2017 ulipokaribia. Mara malalamiko yakatanda: majina ya watu ambao hawakuhama popote, majina ya wafu, jamaa za wenye ofisi. Aliyekuwa amekimbia kweli alisimama foleni moja na aliyesikia habari za fedha redioni.

Serikali imekuwa ikiutumia udanganyifu huo kama utetezi: kwamba haiwezekani kumtambua mkimbizi aliyekaa kwa jamaa. Utetezi huo una uzito fulani. Udanganyifu ulikuwepo, na machifu wengine walijinufaisha. Lakini hesabu ya 313,921 ilitoka serikalini yenyewe, si kwa wanaharakati. Dola iliyoweza kuwahesabu haiwezi kusema haikujua kama wapo.

Zaidi ya hayo, ushahidi upo, tena mahali pasipotafutwa. Kila shule ya msingi huweka kitabu cha usajili kinachoonyesha tarehe mtoto alipoingia, darasa lake na shule aliyotoka. Watoto waliofurushwa Kericho na Sotik waliingia katika shule za Kitutu, Nyaribari, Bobasi na Mugirango kati ya Januari na Aprili 2008. Waliandikwa na walimu wakuu ambao wakati huo hawakuwa na sababu ya kughushi, maana hakuna aliyekuwa ameahidi fedha. Kitabu hicho ni shahidi bora kuliko orodha yoyote iliyoandikwa chini ya mti na mjumbe wa chama mwaka 2016.

Kampuni za chai nazo zina daftari za mishahara. Jina linaloonekana Desemba 2007 na kutoweka Februari 2008 linasema jambo. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii ina rekodi za michango iliyokatika ghafla. Kuzilinganisha rekodi hizo tatu si kazi ya tume mpya yenye magari na marupurupu. Ni kazi ya makarani wachache kwa miezi michache.

Kwa nini haijafanywa? Sababu ni ile ile ya Hardinge. Wakimbizi wa kambini walikuwa kando ya barabara kuu, karibu na waandishi wa habari na mabalozi, na kila siku waliyozidi kukaa pale iliiaibisha serikali. Mkimbizi aliyemezwa na boma la ndugu yake haaibishi mtu. Hana kambi ya kufungwa kwa sherehe. Gharama yake imelipwa na jamaa zake, kwa kupunguziana mashamba, katika kaunti ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba.

Kuna fidia kubwa imekwisha kulipwa Kisii tangu 2008, na aliyeilipa ni mkulima wa Mosocho mwenye nusu ekari. Kesi za ardhi baina ya ndugu, ambazo wazee wa mitaa huzisikiliza kila juma, haziwezi zote kuwekwa mgongoni mwa ghasia hizo, lakini ndugu aliyerejea ghafla baada ya miaka 20 ni mojawapo ya chanzo chake. Hakuna wizara iliyowahi kuihesabu hasara hii kama hasara ya vita.

Suala hili sasa limerudi kwa sura nyingine. Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza utaratibu wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano tangu 2017, na papo hapo ukapingwa mahakamani, mojawapo ya hoja ikiwa ni nani mwenye mamlaka ya kisheria ya kuandaa orodha. Wakimbizi wa 2008 hawamo katika kipindi hicho. Katika Gusii, ambako kurejea kwa Dkt Fred Matiang'i, mwana wa Borabu, katika ulingo wa siasa mwaka 2025 kulichangamsha mapema mbio za 2027, wagombea wa kila upande watapita wakiahidi tena kwamba waliosahauliwa watakumbukwa.

Mgombea mwenye nia anaweza kupimwa kwa jambo dogo kabla hajaomba kura. Sheria ya 2012 iko vitabuni na haihitaji kupitishwa upya. Vitabu vya usajili vya muhula wa kwanza wa 2008 vingali katika makabati ya walimu wakuu, pale ambapo mchwa na mvua havijavifikia, na wengi wa walimu walioviandika wamekwisha kustaafu au wanakaribia. Watoto walioandikwa humo darasa la kwanza wamepita umri wa miaka 20 na kadhaa wameanza kudai sehemu zao katika nusu ekari ile ile.